Kabla hatujamfukuza kocha wa Serengeti Boys: tuongee mabao, vijeba na kambi

Mzee wa Krosi

Wakuu, salaam.

Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17 (U-17), ikitolewa, kinachofuata kinajulikana. Mtu anafungua uzi "Kocha aondoke", povu linatembea kurasa kumi, halafu kimya mpaka timu nyingine itolewe. Mimi nafundisha vijana huku mkoani, akademi ya kawaida, uwanja wa vumbi na mipira ya kuhesabu. Nimeshapeleka watoto kwenye majaribio ya timu ya taifa. Wachache walibaki kambini, wengi walirudi na begi lao. Hoja yangu ni moja: kocha wa timu ya taifa ya vijana anafundisha kidogo kuliko mnavyodhani. Anachofanya zaidi ni kuchagua, kulinda na kupanga. Hayo matatu yakiharibika, hata umpe Guardiola hiyo timu utarudi hapa kufungua uzi.

Tuchukue vikosi viwili mnavyovikumbuka wote.

Mei 2017, AFCON ya U-17, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika la vijana, kule Gabon. Kocha Bakari Shime, na Mdenmark Kim Poulsen akiwa mshauri wa ufundi. Tukatoka 0-0 na Mali, ambao ndio waliobeba kombe. Tukaifunga Angola 2-1. Mechi ya mwisho na Niger tulihitaji sare tu twende nusu fainali, na nusu fainali wakati ule ndiyo ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia India. Tukafungwa 1-0. Tukalingana pointi 4 na Niger, tofauti ya mabao ikalingana, wao wakapita kwa sababu walitufunga sisi. Inauma mpaka leo.

Aprili 2019 tukawa wenyeji, Dar es Salaam, kocha Oscar Mirambo. Nigeria 4-5, Uganda 0-3, Angola 2-4. Mechi tatu, pointi sifuri, nyumbani.

Sasa angalieni hesabu ambayo watu hawaigusi. Kikosi cha 2017 kilifunga mabao 2 tu katika mechi tatu. Cha 2019 kilifunga 6. Yaani timu tuliyoipenda ilikuwa na mabao machache mara tatu kuliko timu tuliyoitukana! Tofauti iko langoni kwetu: ya kwanza iliruhusu 2, ya pili 12. Na mkitaka kujua nani alitoka kwenye kikosi cha 2017, nahodha alikuwa Dickson Job. Kulikuwa na Kibwana Shomari, kulikuwa na Nickson Kibabage. Wote mabeki, wote wamekuja kuvaa jezi ya Yanga. Kikosi cha 2019 jina lililobaki midomoni ni Kelvin John, mshambuliaji, aliyekwenda Genk ya Ubelgiji.

Kwa hiyo swali langu si nani alikuwa kocha. Swali ni nani alitafuta mabeki, aliwatafuta wapi, na alianza lini.

Rudini kwenye ile mechi ya Nigeria, 14 Aprili. Tulikuwa mbele 4-2, Uwanja wa Taifa unaimba. Mtoto wa miaka 16 au 17 akiwa mbele 4-2 mbele ya umati ule anawaza la tano, si kuilinda. Beki wa pembeni anapanda. Kiungo mkabaji anapanda naye, maana na yeye shangazi yake yuko jukwaani. Mpira unapotea katikati, nyuma wako wawili. Kuua mechi, kupeleka mpira kwenye kibendera cha kona, kufanya faulo ya kijinga katikati ya uwanja, kumwambia kipa alale na mpira, hayo hayaingii kichwani kwa ubao wa kambini. Yanaingia kwa kupoteza mechi nyingi za ligi ukiwa na miaka 14 na kulia njiani kurudi nyumbani. Watoto wetu wengi wanacheza bonanza na mtoano: ukishinda unaendelea, ukipoteza unakaa miezi. Huko hakuna wa kujifunza kulinda 4-2.

Karibuni, ila kwa hoja.

Chuga Boy

Mzee umeandika vizuri ila umezunguka. Dawa inajulikana: leta mzungu, mpe miaka minne, usimwingilie. Hawa wazawa wanaita watoto wa marafiki zao.

Mzee wa Krosi

Mkuu, huyo mzungu alikuwepo. Poulsen ameshaifundisha mpaka Taifa Stars, si mgeni wa nchi hii. Kilichosaidia 2017 ni kwamba aliwekwa pembeni ya mzawa anayejua kuongea na mama wa mtoto, badala ya kuwekwa juu yake. Na huyo mzawa, Shime yule yule wa Gabon, ndiye aliyewapeleka Serengeti Girls Kombe la Dunia la U-17 India mwaka 2022. Timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA, ya umri wowote, ya jinsia yoyote. Tungesikiliza nyuzi zetu za 2017 sijui nani angekuwa kwenye benchi lile.

Kuhusu watoto wa marafiki, sikatai kwamba lipo. Ila kuna upendeleo mkubwa zaidi ambao hauna rushwa ndani yake wala hamuusemi. Mwisho wa umri unahesabiwa kuanzia Januari mosi. AFCON ya 2017 ilikuwa ya waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2000, ya 2019 kuanzia 1 Januari 2002. Weka uwanjani mtoto wa Januari na wa Novemba, mwaka mmoja, umri huo. Wa Januari ana ndevu mbili tatu na anampiga mwenzake kikumbo. Kocha mwenye siku mbili za majaribio anamchukua nani? Hili limechunguzwa duniani kote, vikosi vya vijana vinajaa waliozaliwa robo ya kwanza ya mwaka.

Halafu kuna la miaka. Mashindano yalikuwa kila baada ya miaka miwili, miaka witiri. Mtoto wa 2001 alitakiwa kupigania namba 2017 dhidi ya waliomzidi mwaka mzima, na ilipofika 2019 ameshapita umri. Kizazi kizima cha waliozaliwa miaka witiri kilikuwa kinapunjika hivyo, kimya kimya. Angalau hilo limepungua. Kuanzia Qatar 2025 Kombe la Dunia la U-17 ni la kila mwaka, timu 48, Afrika nafasi 10 badala ya zile 4 za zamani. Lakini maana yake kwa kocha ni kwamba kila mwaka anahitaji kikosi kipya. Ule mtindo wa kuamka miezi mitatu kabla umekufa, hata kama bado hatujaufanyia mazishi. Uganda waliliona mapema, wakafuzu Qatar kwa mara yao ya kwanza.

Mkwaju wa Penalti

Mnazunguka mbuyu. Tatizo ni VIJEBA, hawa waliopunguza umri. Wenzetu wa Afrika Magharibi wanachezesha wababa wa familia, sisi tunajifanya watakatifu na vyeti vyetu vya kuzaliwa. Na sisi tuchomeke wanne watano tuone kama hatutafika fainali.

Mzee wa Krosi

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo kazi ya meneja wa timu ilipo, na mashabiki wengi hawajui hata kama timu ina meneja.

Kwanza kumbukumbu. Tulifuzu AFCON ya U-17 ya Gambia, 2005, tukaondolewa kwa suala la umri wa mchezaji mmoja. Mmoja! Wengine wote walikaa nyumbani. Zanzibar walikwenda CECAFA U-17, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi, 2018, wakarudishwa kwa sababu walipeleka waliozaliwa kabla ya mwaka uliotakiwa. Bara tukabeba kombe lile. Na kwenye AFCON yetu ya 2019, Guinea walifika fainali, wakafungwa na Cameroon kwa penalti, halafu wakafutwa kwa umri wa kughushi. Nafasi yao ya Kombe la Dunia Brazil wakachukua Senegal. Mkwaju, unataka tuwe Guinea?

Na Gabon 2017 tulifikaje? Congo Brazzaville walitutoa. Tuliwafunga 3-2 Dar, wakatufunga 1-0 kwao, bao la ugenini likawapitisha. TFF, shirikisho letu, wakakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji mmoja, CAF, shirikisho la Afrika, wakamwita akapimwe, hakutokea. Congo nje, sisi ndani. Ile rufaa haikuandikwa na kocha. Kuna mtu alikaa na makaratasi usiku.

Kipimo chenyewe ni MRI, picha ya ndani ya mwili, ya kifundo cha mkono. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la U-17 la Nigeria, 2009. Wanaangalia mwisho wa mfupa wa mkono upande wa dole gumba, pale ambapo mtoto anayekua ana mstari wa gegedu. Mstari ukiwa umeziba kabisa, karibu hakika huyo ameshavuka miaka 17. Hakisemi "ana miaka 21". Kinasema tu mlango umefungwa. Kwa wasichana hakitumiki, mifupa yao hukomaa mapema zaidi na kipimo kingewaonea.

Sasa usidhani MRI inakuokoa na kazi ya makaratasi. Mimi mtoto akija na cheti cha kuzaliwa cha RITA, naangalia tarehe mbili: ya kuzaliwa na ya kuandikishwa. Cheti kilichotolewa mtoto akiwa na miaka 15 si haramu, wazazi wengi vijijini ndivyo walivyofanya, lakini nitaomba kitu cha pili. Rekodi za shule ya msingi. Mwaka aliofanya darasa la saba. Na kama mama ameitunza, kadi ya kliniki, ile iliyochakaa pembeni yenye tarehe za chanjo kwa mwandiko wa nesi. Kughushi kadi ya kliniki ya miaka 15 iliyopita ni kazi, hata wino unakataa. Nikiona jina la shule ni Hamisi na la cheti ni Hamadi, namwambia mzazi mapema, kabla mtoto hajaanza kuota.

Na kijeba mara nyingi si jambazi. Ni mtoto aliyeanza shule akiwa na miaka tisa, mjomba akamwambia "punguza miwili", na hakuna mtu mzima aliyemkataza. Baadaye ndiye anayebaki na aibu peke yake, jina lake kwenye magazeti, mjomba yuko zake nyumbani.

Bint Tanga

Asante kwa kuwataja wasichana, maana nyuzi za timu za vijana humu ni kama wavulana peke yao wanacheza. Niliangalia mechi zote za Serengeti Girls kule India. Tarehe 12 Oktoba Japan wakatupiga 4-0, watu wakaanza "tulijua". Tarehe 15 tukawafunga Ufaransa 2-1! Tarehe 18 sare 1-1 na Canada, tukaingia robo fainali, tukatolewa na Colombia 3-0. Ninachotaka kujua, ndani ya zile siku tatu kati ya Japan na Ufaransa kocha anafanya nini? Huwezi kumfundisha mtu mpira kwa siku tatu.

Mzee wa Krosi

Swali bora la uzi huu, dada.

Ya kule India sikuwepo kambini, sitajifanya. Ila najua siku tatu za namna hiyo zinavyokwenda. Ya kwanza hufundishi kabisa. Waliocheza wanalowekwa kwenye maji baridi, wanatembea, wanalala. Wasiocheza ndio wanaofanya mazoezi makali, na hao ndio hatari ya kambi, maana wamekaa benchi wakaona wenzao wanapigwa nne, na kila mmoja anaamini angecheza yeye isingekuwa hivyo. Siku ya pili unachagua vitu viwili vya kurekebisha. Viwili, si kumi na mbili. Mfano umbali kati ya mabeki wa kati, na nani anabaki tukipiga kona. Ukimwonyesha msichana wa miaka 16 video ya makosa yake yote manne unamuua. Siku ya tatu unapanga kikosi na unanyamaza.

Katikati ya hayo kuna simu. Ukifungwa nne, simu zinaleta matusi. Ukishinda, zinaleta mawakala na ndugu wanaoomba hela. Ndiyo maana kambi nyingi saa nne usiku simu zinakusanywa, na meneja analala na kapu la simu chini ya kitanda likitetemeka. Kuna shule pia. Mashindano ya Oktoba yanaangukia wakati kidato cha nne wanajiandaa na mtihani wa Novemba. Mzazi akiuliza "mwanangu atafanya mtihani wapi?" halafu benchi la ufundi halina jibu, mzazi ana haki ya kumtoa kambini. Nimeona watoto wenye vipaji wakipotea hapo hapo, siyo uwanjani.

Majeraha nayo. Kijana hakwambii nyonga inauma, anajua atatemwa. Utamwona anakaa chini kuvaa soksi wakati jana alivaa amesimama. Au anapiga pasi zote za mbali kwa mguu ambao si wake. Daktari asipokuwa na macho hayo, mtoto anaingia mechi ya mashindano na msuli unaachia dakika ya 20. Umefanya badiliko moja bure na umemharibia mwaka.

Kisumu Ndogo

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Nimesoma hii kitu yote na mnasema vile tunasema huku. Junior Starlets, wasichana wetu wa Kenya, walienda Kombe la Dunia la U-17 Dominican Republic 2024 chini ya kocha Mildred Cheche, timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la soka la FIFA. Tulifungwa na Uingereza 2-0, Korea Kaskazini wakatufunga 3-0, lakini Mexico tuliwachapa 2-1. Wengi wa hao wasichana walitoka moja kwa moja kwa shule za upili. Kwetu shule ndiyo akademi. Mwalimu wa michezo akihamishwa, timu inakufa.

Na msisahau ofisi. FIFA walitusimamisha 2022, kuanzia Februari hadi Novemba. Mtoto wa miaka 16 hakujua shirikisho letu, FKF, wamegombana na nani, lakini mwaka wake ulipotea. Hakuna mtu humrudishia huo mwaka.

Mzee wa Krosi

Ndugu yangu wa Kisumu, umegusa. Timu ya wakubwa ikifungiwa mwaka mmoja mchezaji wa miaka 25 atacheza akiwa na 26. U-17 haina kesho.

Chuga Boy

Sawa nimekubali nusu. Ila kambi ndefu je? Mbona wenzetu wanakaa kambini miezi sita na wanafanya vizuri?

Mzee wa Krosi

Hapa nitatofautiana na wengi, hata makocha wenzangu. Kambi ndefu ni dawa ya kutuliza maumivu. Kikosi cha 2017 kiliandaliwa muda mrefu na kusafirishwa nje, cha 2019 nacho vilevile. Matokeo mmeyaona. Kambi inampa mtoto chakula cha uhakika, uwanja wa nyasi na nidhamu, sawa. Haimpi mechi zenye maana. Anacheza kirafiki, akifungwa anajua kesho wali kuku upo. Mimi ningechukua nusu ya fedha ya kambi nikaziweka kwenye ligi ya mikoa ya U-15, nyumbani na ugenini, mechi 20 kwa mwaka, basi bovu, refa mbaya, mashabiki wanaotukana. Vituo vya TFF vya Kigamboni na Tanga ni vizuri, sibezi, lakini kituo kinachukua makumi, ligi inachukua maelfu.

Tena kuna jambo la klabu. Kwa Taifa Stars, klabu inalazimika kumwachia mchezaji kwenye kalenda ya FIFA. Kwa mashindano ya vijana hailazimiki. Kocha wa U-20 anapiga simu kuomba, siyo kuagiza. Klabu moja, siitaji, ilinizungusha wiki mbili kuhusu kijana niliyemlea mwenyewe tangu ana miaka 12: leo "meneja hayupo", kesho "tuma barua", keshokutwa "barua ije na muhuri". Muhuri ulipopatikana kambi imefungwa. Na kijana wala hawakumchezesha wikiendi ile, alikaa jukwaani na kofia.

Ngorongoro Heroes wa Jamhuri Kihwelu walipofuzu AFCON ya U-20 Mauritania 2021 tulishangilia sana, kisha Ghana 4-0, sare 1-1 na Gambia, Morocco 3-0. Mtu mwenye haraka anaona pointi moja. Mimi naona vijana waliojua kwa mara ya kwanza kasi ya mchezo ilivyo kaskazini na magharibi. Swali langu kwa wenye takwimu: ni wangapi kati yao walikuwa wanacheza dakika 90 kila wiki kwenye klabu zao mwezi huo? Hilo ndilo la kumuuliza Rais wa shirikisho, si kocha.

Mkwaju wa Penalti

Mzee umeniweza kwenye vijeba. Sasa nina mpwa wangu, winga, kazaliwa Desemba 2010, mguu wa kushoto, hatari. Nimpeleke wapi?

Mzee wa Krosi

AFCON ya U-17 ya 2027 ni ya waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2010, kwa hiyo umri anao, ila atapambana na wa Januari wanaomzidi karibu mwaka mzima. Asikate tamaa akionekana mdogo, na wewe usimpunguzie umri "kumsaidia". Mwandikishe kwenye timu ya shule afike UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, huko waangalizi huwa wanapita. Cheti chake, rekodi za shule, vyote jina moja, herufi moja. Apate timu inayocheza kila wiki hata kama ni ya mtaa. Na mwambie mguu wa kulia aushughulikie, mabeki wa siku hizi wakijua ni kushoto tu wanamfungia njia dakika ya tano.

PM iko wazi. Usinitumie kipande cha dakika mbili chenye muziki na chenga. Nitumie mechi nzima, hata kama alitolewa dakika ya 60, na uniambie kwa nini alitolewa.